Kuwafuata nyumbu wa Serengeti ukitokea Dar, kwa hesabu za Mpare wa Gerezani

Ukifika mwezi wa sita, swali dukani kwangu Gerezani ni lile lile. Mtu amekuja kuchukua bushi au shokapu za Kruza yake, ameshaona kwenye simu video ya nyumbu wakijirusha Mto Mara, na kabla hata hajalipa ananiuliza: "Mangi, wanavuka tarehe ngapi?" Mimi si Mangi. Ni Mpare wa Same, ila Kariakoo kila mwenye duka na lafudhi ya kaskazini ni Mangi, nimeshazoea. Na tarehe hiyo haipo. Kabla ya kuhamia Dar kuuza spea niliendesha magari ya watalii kutoka Arusha, na sikuwahi kukutana na dereva mwenye tarehe. Tulikuwa na mvua, na mvua ndiyo inayowaendesha wale wanyama mwaka mzima.

Kwa hiyo naandika hapa yale ninayowaambia wateja kaunta, kwa ajili ya mkazi wa Dar mwenye likizo ya kuhesabu na mfuko wa kawaida. Wapare tunasemwa kwa ubahili, nami sikatai. Ukiona sehemu nabana matumizi, ujue ndivyo nilivyolelewa.

Wanakimbilia nini

Ukilielewa hili, kupanga safari kunakuwa rahisi. Nyumbu wa Serengeti ni kama milioni moja na laki tatu. Wanaongozana na pundamilia kama laki mbili na swala tomi malaki, pamoja na pofu wachache. Wanazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kusini kwenda magharibi, kaskazini, kisha kusini tena, na hakuna mwezi ambao mzunguko umekwisha ili uanze mwingine.

Desemba hadi Machi wako kusini mashariki, kwenye nyanda za nyasi fupi: Ndutu, eneo linaloitwa Kusini, kuzunguka Naabi na Gol. Udongo wa huko ni majivu ya volkano za upande wa Ngorongoro, zikiwemo Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Chini kidogo ya ardhi kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi, ndiyo maana unaona uwanda mtupu hadi macho yanachoka. Nyasi zake ni fupi lakini zimejaa madini, hasa kalisi na fosforasi, na jike anayenyonyesha anayahitaji hayo kuliko wingi wa majani. Ila uwanda huo hauna maji ya kudumu. Maziwa ya Ndutu na Masek yana magadi. Madimbwi ya mvua yakikauka, nyumbu hana ujanja, anaondoka.

Aprili na Mei, masika ikielekea ukingoni, wanapanda kupitia Moru na Seronera, katikati ya hifadhi. Juni wengi wako ukanda wa magharibi, karibu na Mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini, Kogatende na Lamai, na wengine wanaingia Masai Mara upande wa Kenya. Kule mvua ni nyingi zaidi kwa mwaka na Mto Mara haukauki, ila nyasi zake hazina madini ya kule kusini. Ndiyo maana vuli ikianza kunyesha, Oktoba mwishoni au Novemba, wanageuza na kushuka kupitia Lobo.

Miezi hiyo ni ya makadirio. Vuli ikichelewa, wanachelewa kaskazini. Masika ikikata mapema, kundi linaondoka kusini mapema. Kwa hiyo kabla hujamwomba bosi likizo, soma utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa vuli na masika, na usiishie kwenye mstari wa Dar es Salaam. Tafuta mikoa ya Arusha, Mara na Simiyu.

Linganisha kalenda yao na yako

Watu wa Dar wengi wanataka mto. Nawaelewa. Lakini mto ndio kipande cha mbali zaidi, cha gharama zaidi, na chenye uhakika mdogo kuliko vyote, kwa sababu unaweza kukaa siku nzima ukitazama nyumbu wanaotazama maji. Mwenye siku nne au tano namwambia achague kati ya Februari na Juni, mto auache hadi mwaka ambao mfuko umenona.

Februari ni kuzaa. Majike walio wengi wanajifungua ndani ya wiki mbili tatu hivi, na siku za kilele huzaliwa maelfu ya ndama kwa siku moja. Kuzaa pamoja ndiyo kinga yao: simba na fisi wanakula hadi wanashiba na bado ndama wamebaki tele. Ndama anasimama ndani ya dakika zisizofika kumi na muda mfupi baadaye anakimbia na mama yake. Mtoto wa mjini akishaona hilo hakuulizi tena mto uko wapi. Ubaya wa Februari ni shule, watoto wako darasani. Kwa hiyo hiyo ni safari ya wanandoa, au ya kikundi cha kikoba kilichovunja mzunguko na kuamua kula bata kidogo.

Juni ni ya familia. Shule zimefungwa, masika imekwisha, na kundi linapita magharibi, upande ambao mkazi wa Dar anaweza kuingia kwa bei nafuu kuliko kupitia Ngorongoro. Sabasaba na Nanenane ni za mto, kwa wanaobisha.

Na Desemba? Desemba nusu ya Kariakoo iko Kilimanjaro. Wachaga wamekwenda kwao, sisi tumekwenda kwetu Upareni, na mtu anakaa wiki mbili kula na kugombania mashamba. Ukiwa Moshi au Same tayari umeshamaliza sehemu kubwa ya barabara, na nauli ya Dar umekwisha kuilipa kwa sababu nyingine. Ibane sikukuu siku tatu, nenda kusini mwa Serengeti. Vuli ikiwa imenyesha vizuri, makundi yanakuwa yanashuka kwenye nyanda, majani ni mabichi, na vumbi ni dogo. Ninashangaa kwa nini watu wa kwetu hawaitumii nafasi hii.

Njia mbili za kufika

Ya kwanza ni Arusha. Basi la alfajiri kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, na jioni uko Arusha, kilomita kama 640. Lala. Kesho yake gari inapita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, lami nzuri hadi lango la Loduare la Ngorongoro. Baada ya hapo ni vumbi na mikunjo ya barabara hadi Seronera. Kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, na lami isikudanganye, siku nzima inaisha. Mto wa Mbu nunua ndizi, zile nyekundu. Karatu jaza tangi.

Kwenye njia hii kuna jambo linalokera watu geti. Unalipa Ngorongoro hata kama hukusudii kuona kreta, kwa sababu barabara inapita ndani ya eneo lao, halafu unalipa Serengeti. Mbele ya dirisha la malipo nimesikia matusi ya kila kabila. Asili yake ni ya zamani: Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 ikiwa na Ngorongoro ndani yake, na mwaka 1959 ikagawanywa. Ngorongoro ikawa eneo la wanyama na wafugaji wa Kimasai pamoja, sehemu ya nyanda za mashariki ikaenda huko, na Serengeti ikaongezewa ardhi kaskazini. Nyumbu anakula pande zote mbili bila kuonyesha risiti, sisi tunalipia mpaka.

Njia ya pili ni Mwanza, na ndiyo ninayoipendekeza kwa Juni. Unaweza kuruka hadi Mwanza. Unaweza pia kupanda treni ya SGR hadi Dodoma, iliyoanza kufika huko mwaka 2024, kisha basi kupitia Singida na Shinyanga. Kutoka Mwanza fuata lami ya kwenda Musoma hadi Lamadi, wilaya ya Busega. Hapo gesti ziko za kila bei na sato wa ziwani ni wa siku hiyo hiyo. Lango la Ndabaka liko hapo jirani kabisa. Ukiingia Ndabaka uko ndani ya Serengeti moja kwa moja, hulipi Ngorongoro, na ukanda wa magharibi wenyewe ndio barabara yako ya kwenda Seronera.

Wanaong'ang'ania Kogatende kwa bei ya kawaida nawaelekeza Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Ni mji wa kawaida wenye vyumba vya kawaida, na kutoka hapo unaingilia lango la Tabora B kuelekea kaskazini. Ukifika Mugumu kwa njia ya Makutano, utapita Butiama. Simama. Kaburi la Mwalimu liko hapo, pamoja na makumbusho yake, na watoto watakuwa wamechoka kukaa garini hata hivyo.

Gari, na hapa sitanii

Noah inafika Serengeti. Kurudi ndiyo kazi. Alphard usiitaje mbele yangu. RAV4 na jamaa zake watapita barabara kuu kiangazi, lakini ukitoka barabara kuu kidogo, au ikinyesha mvua ya muda wa saa moja tu kwenye udongo mweusi wa ukanda wa magharibi, umekwama na utavutwa na mtu atakayekutoza anavyotaka. Udongo ule ukilowa unashika tairi hadi mchoro wote unapotea, gari inateleza kwa upande huku usukani umenyooka. Chukua gari ya juu yenye gia ya nguvu magurudumu yote manne.

Wengi mtakodi. Kodini Arusha au Mwanza, msikodi Dar, maana mtalipia siku mbili za lami bure. Kruza ndefu inabeba watu saba bila kubanana, na gharama yake ni ya gari, haijali mko wangapi, kwa hiyo wawili wakiikodi wanaumia na saba wanacheka. Kabla ya kutuma hela yoyote, pata maandishi yenye majibu ya maswali haya. Mafuta ni ya nani? Posho na malazi ya dereva ni ya nani? Viingilio vya hifadhi vimo au havimo, na kiingilio cha gari yenyewe? Gari ikiharibika porini, ipi nyingine inakuja, na kutoka wapi? Mwenye gari anayekwepa swali la mwisho, achana naye.

Ukifika kuichukua, usiangalie rangi. Lala chini. Angalia shokapu kama zinavuja, shika tairi ya mbele utikise usikie boljointi, tazama springi kama kuna jani lililokatika. Hesabu tairi za akiba. Porini moja haitoshi, taka mbili. Nyanyua paa uone kama linafunga vizuri, maana paa linalogonga kwenye mikunjo litakutoa kichwa. Jeki iwepo pamoja na kipande cha ubao wa kuikalisha, kwa kuwa kwenye udongo laini jeki inazama na gari inabaki pale pale. Kamba ya kuvutia. Koleo.

Mwenye gari yake mwenyewe, na najua mpo wengi wenye Kruza zinazopanda Masaki na kushuka Masaki: pita kwa fundi wiki mbili kabla, si jana yake. Badilisha eya klina, na beba ya pili, vumbi la Naabi halina utani. Mei na Juni nyasi zimerefuka na zina mbegu. Mbegu zile zinavutwa na feni na kuziba rejeta, gari inachemka mchana kweupe na dereva anashangaa maji yamejaa. Funga wavu mwepesi mbele ya rejeta, na kila mkisimama pangusa. Kwenye mikunjo punguza upepo wa tairi kidogo. Mwendo wa mwisho ndani ya hifadhi ni kilomita 50 kwa saa, na hata pasingekuwa na askari, gari yako ingekuomba hivyo. Mafuta yapo Seronera. Usitoke hapo kwenda kaskazini bila kujaza, na kwenye hesabu zako weka lita moja kwa kilomita sita, kwa gari iliyobeba na inayozunguka siku nzima.

Geti

Fupi tu. Malipo ni kwa namba ya malipo, benki au simu, na mtandao geti unaweza kukusaliti, kwa hiyo malizeni kulipa mkiwa mjini. Raia wa Tanzania analipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola, lakini lazima uthibitishe: beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, hivyo zile rambo mlizofungia maandazi ziacheni Dar. Droni pia acheni.

Malazi ya bei ndogo ndani ni viwanja vya kambi vya hifadhi pale Seronera, Pimbi na Nyani kwa mfano, ambako unasimika hema lako na kupika. Usiku fisi wanapita katikati ya mahema. Hawana shida na wewe, wana shida na viatu na sufuria ulizoacha nje.

Baridi niitaje kabisa, kwa kuwa mtu wa Dar anaijua baridi ya kiyoyozi tu. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Juni na Julai asubuhi pale mama aliyekuja na dera na kandambili atalia. Jaketi, soksi, kofia ya sufu. Nguo nyeusi na za bluu iliyokoza zisiwe nyingi, zinavuta mbung'o, na mbung'o wa ukanda wa magharibi anang'ata kupitia shati.

Namna ya kuwatafuta

Uwanda ni mkubwa, hifadhi peke yake ina kilomita za mraba 14,763, na mtu anaweza kuzunguka siku nzima Februari asione ila swala na mbuni. Milioni moja wote hao, wamejificha wapi? Hawajajificha, wewe umefuata barabara na wao wamefuata wingu.

Anza kwa kuuliza. Askari wa geti wanajua. Madereva wanaotoka upande wa pili wanajua zaidi. Punguza mwendo, simama ubavuni mwao, salimia kwanza kama mtu uliyelelewa, uliza habari za alikotoka, ndipo uulize kundi. Ukirukia swali bila salamu utaelekezwa bondeni kwenye nyati mmoja mzee. Kwenye redio ukisikia dereva anataja masharubu, ni simba, anawaficha wageni wake wasianze kupiga kelele mapema.

Kisha soma ardhi. Pundamilia wanakula mabua marefu na magumu. Nyumbu wanapenda majani mafupi yanayobaki. Swala tomi wanakuja kwenye yaliyofyekwa kabisa na kuchipua upya. Hivyo ukikuta pundamilia wengi kwenye nyasi ndefu, mara nyingi nyumbu wako nyuma yao. Ukikuta swala tomi wengi kwenye nyasi zilizonyolewa, kundi huenda limeshapita: tafuta mavi. Yakiwa na unyevu na nzi, ni ya leo. Njia zao ni mistari myembamba sambamba, mingi, yote ikielekea upande mmoja. Mchana, saa tisa saa kumi hivi, paa la gari likiwa juu, angalia mvua inadondokea wapi kwenye upeo. Kesho asubuhi nenda huko.

Tumbusi wakishuka kwa mzunguko, kuna mzoga. Simba hawalifuati kundi lote. Kila familia ya simba ina eneo lake na inangoja chakula kije, kikiondoka wanarudi kwenye ngiri na nyati. Fisi madoa ndiye msafiri, anaweza kwenda makumi ya kilomita kutoka kwenye pango lake hadi walipo nyumbu, akala, akarudi kunyonyesha.

Wakati wa kuzaa, amka mapema. Wengi wanajifungua asubuhi hadi kabla ya saa za jua kali. Kaa mbali, zima injini, na kamwe usipitishe gari katikati ya kundi, maana ndiyo njia ya haraka ya kumpotezanisha ndama na mama yake. Ndama aliyepotezana anaweza kuanza kufuata gari yako. Inachekesha kwa dakika moja, halafu haichekeshi. Ongeza umbali taratibu, elekea pembeni mwa kundi, muache huko.

Wageni wa Dar wakiona ng'ombe wa Kimasai wako mbali na nyumbu msimu huo hudhani ni ugomvi wa malisho. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichowadhuru wao ila kinaua ng'ombe, na wafugaji wanajua, hivyo huwaondoa mifugo wao kwenye nyanda zile bora kabisa wakati wa kuzaa. Ugonjwa mwingine ulikwenda kinyume, kutoka kwa ng'ombe kuja kwa nyumbu: sotoka. Iliingia miaka ya 1890 ikaua ng'ombe na wanyama pori vibaya sana. Ng'ombe wa kuzunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukakatika kwa nyumbu miaka ya 1960, na idadi yao ikapanda kutoka kama robo milioni mwaka 1961 hadi milioni moja na laki tatu hivi mwaka 1977. Dunia ilitangaziwa kwisha kwa sotoka mwaka 2011. Kwa hiyo wingi huu unaoupiga picha umeletwa kwa sehemu kubwa na sindano za ng'ombe.

Mtoni, kwa mnaobisha

Kogatende, kati ya Julai na Oktoba. Jambo la kwanza: hawavuki mara moja. Majani yapo kingo zote mbili, mvua inanyesha huku leo na kule keshokutwa, kwa hiyo makundi yanavuka kwenda na kurudi wiki hizo zote. Hata ukifika Septemba hujachelewa.

Jambo la pili: kabla ya kwenda kungoja, kila mtu achimbe dawa. Nasema kwa uzito. Mtakaa garini saa nyingi, kushuka hakuruhusiwi, na pembeni ya mto ule vichaka vina wenyewe. Bebeni maji, chakula kisichonuka sana, na uvumilivu wa foleni ya Mbagala.

Jambo la tatu ndilo linalogawa madereva wazuri na wabaya. Kundi likikusanyika juu ya kingo, gari inakaa nyuma, mbali na njia yao ya kushukia. Wa mbele anasogea, ananusa, anarudi. Anasogea tena. Hapo kelele moja, mlango mmoja, gari moja iliyojipenyeza kutafuta picha, na wote wanageuka, saa nne zenu zimekwenda. Subirini hadi wa kwanza wameingia majini na mstari umeshika kasi, ndipo dereva asogee, na hata hapo asizibe njia ya kutokea upande mliopo. Dereva akikuambia "tutawahi mbele", mkatalie, wewe ndiye unayelipa.

Na watoto waandaeni. Mamba wapo, ila nyumbu wengi wanakufa kwa kukanyagana na kuzama, hasa maji yakiwa mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria wastani wa nyumbu 6,250 wanaokufa Mto Mara kwa mwaka. Mizoga inalisha samaki, tumbusi na mamba, na mifupa inaendelea kutoa virutubisho majini kwa miaka. Mto wenyewe unatoka misitu ya Mau, Kenya, na kuishia Ziwa Viktoria, kwa hiyo miti ikikatwa kule juu, nyumbu wa huku wanaweza kukosa maji ya kiangazi.

Siku zisipotosha

Una wikiendi tu? Mikumi. Ukiamka Dar usiku, asubuhi uko uwanda wa Mkata, nyumbu na pundamilia wapo mwaka mzima. Ni nyumbu wa jamii ya kusini na hawafanyi ule mzunguko mkubwa, lakini mtoto atajifunza kumtofautisha nyumbu na nyati, na hilo si dogo. Nimewasikia watu wazima wakichanganya.

Una siku tatu na umefika Arusha, kati ya Agosti na Oktoba? Tarangire. Huko uhamaji ni mdogo, na kiangazi ndio wakati wake: nyumbu, pundamilia na tembo wanarudi kwenye Mto Tarangire kwa sababu kwingine kumekauka, mvua zikianza wanatawanyika kwenda nyanda za Simanjiro na upande wa Natron. Lami inafika karibu na lango na hakuna kulipa mara mbili.

Ukisharudi Dar, gari isiende nyumbani kwanza. Vumbi la Ndutu lina magadi, na magadi yakichanganyika na unyevu wa pwani, chesisi inaliwa. Ipeleke ikaoshwe chini kwa maji mengi, ndani ya matao ya tairi hadi yatoke meupe, toa eya klina uikung'ute au uitupe, kaza nati za springi zote, na umwambie fundi aangalie bushi. Zikiwa zimekwisha, niko Gerezani, Jumapili nafunga.